Binti, Marehemu

Ånge, 8 Oktoba 1978

Kwako Baba,

Nisamehe kwa kuchelewa kukuandikia. Ulitimiza miaka sitini tarehe kumi mwezi uliopita, na barua hii nimeianza mara nne. Ya kwanza mtoto aliamka. Ya pili niliandika na hasira zangu, nikaitia motoni. Ya tatu Tove, mtoto wangu mdogo, aliugua sikio, siku sita simweki chini. Hii ni ya nne. Naandikia jikoni kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, saa ya kahawa, na ukiona herufi zinapanda na kushuka ujue Svea mpishi anakanda mkate meza hii hii.

Hongera kwa miaka sitini. Nimeshasema hilo, sasa niseme lililonileta.

Gazeti lako alilileta Svea. Alikuwa amelifungulia ukurasa wa sikukuu za kuzaliwa, anacheka. "Gunnel, huyu mzee mwenye miwani si ndiye baba yako wa Stockholm?" Nikamwambia ndiye. Akanisomea kwa sauti, na mikono yake ina unga: Sixten Rådlund, mwandishi na mwanahabari wa utamaduni. Kazaliwa Ånge, mtoto wa karani wa stesheni. Alianza kwa kuandika habari za michezo ya kuigiza kwenye gazeti dogo la Sundsvall, akahamia Stockholm mwaka 1953. Ameongoza ukurasa wa utamaduni miaka kumi na minane. Vitabu kumi na kimoja. Mazungumzo ya redio. Anajulikana zaidi kwa "Kitanda cha Dirishani", kinachosomwa hata mashuleni. Mke, Ingalill. Watoto: Henrik, na binti, marehemu.

Svea akalishusha gazeti. Kisha akasema, "Mbona wamekuzika?"

Nikasema gazeti limekosea.

"Gazeti halijakosea kitu, mwanangu. Kaka yangu alipotimiza hamsini walimpelekea fomu, akaijaza mwenyewe kwa kalamu yake. Mke, watoto, mpaka samaki anaopenda kuwavua. Wao wanapiga chapa tu."

Tangu siku hiyo hapa jikoni naitwa Marehemu. "Marehemu, lete sufuria!" "Marehemu, mzee wa chumba cha nane anataka chai yake!" Nacheka nao. Ni watu wema, na mtu mwenye watoto wawili na zamu ya asubuhi hana nguvu za kununa.

Kosa langu ni kwamba gazeti nililibeba nyumbani, kwa ajili ya ile picha yako. Pernilla ameanza darasa la kwanza Agosti, na sasa anasoma kila kitu, pakiti ya maziwa, vibao vya stesheni, soksi za baba yake. Sura yako anaijua. Tulikuwa mezani na viazi na soseji, naye ameliweka gazeti kando ya sahani, kidole kinatembea: "Bi-nti, ma-re-he-mu. Mama, marehemu ni nini?"

Mume wangu Kjell-Åke akajibu kabla sijamkanyaga mguu, mdomo umejaa: "Mtu aliyekufa."

"Binti wa babu si ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ulikufa lini?"

Nilimweleza kadiri nilivyoweza. Alitikisa kichwa kama mtu mzima anayedanganywa na hataki kukuaibisha. Sasa kila nikitoka kazini namkuta amekaa ngazini na koti lake, hata mvua ikinyesha, ananingoja. Haulizi kitu. Ananishika mkono, anaubonyeza, halafu anaingia ndani kucheza.

Kitabu chako nakijua, Baba. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja mwalimu aliponipa, akidhani kitanifurahisha. Nikamsoma yule msichana mdogo, Nellan, jina langu la nyumbani, anaugua ugonjwa wangu wa kupooza, kwenye kitanda changu, anakufa ukurasa wa mia na arobaini. Nikamwendea Mama stesheni, mgahawani alikokuwa akiosha vyombo, nikamuuliza kwa nini hasemi kitu. Akasema, "Ukibishana na mtu aliyeko gazetini, utabishana mpaka karatasi iishe. Mwache ale." Mama naye ametangulia, huu mwaka wa pili, na hakubishana.

Basi kitabu ni kitabu. Sikukuuliza juu yake miaka yote na leo siulizi. Ila fomu si kitabu.

Naomba mstari mmoja kwenye ile kona ya masahihisho: Gunnel, binti yake Sixten Rådlund, yu hai, anaishi Ånge. Wewe unajaza kurasa nzima kila wiki. Mstari huo nataka kumwekea Pernilla mezani, ausome mwenyewe kwa kidole chake.

Wajukuu zako hawajambo.

Binti yako,
Gunnel

Stockholm, 14 Oktoba 1978

Kwa Bibi unayejiita Gunnel,

Mume wangu yuko Helsinki kwa mihadhara, na asipokuwepo barua zake nazifungua mimi. Nashukuru Mungu kwamba hii ilipitia mikononi mwangu.

Wewe si wa kwanza. Mwaka 1964 alikuja msichana hapa mlangoni akasema yeye ndiye Nellan, anataka kulala kitandani kwake. Mwingine alituma nywele ndani ya bahasha. Vitabu vinavyogusa watu huwavuta na wagonjwa, hilo nimelizoea. Lakini hakuna aliyewahi kuandika kwa utulivu kama wewe, na viazi na soseji na soksi za mumeo. Utulivu huo ndio ulionitisha.

Nikwambie kitu ili ujue unachezea nini. Nilikuwa na mtoto wa kiume, Torsten. Alifariki akiwa na miaka mitatu, kabla sijamjua Sixten. Kitabu kile nilikisoma nikiwa nimekaa sakafuni kwenye chumba cha Torsten, mlango nimeufunga. Nikamwandikia mwandishi. Akanijibu kurasa sita kwa mkono wake. Ndivyo tulivyojuana, na mwaka 1959 tukaoana. Watu wengine huunganishwa na dansi. Sisi tuliunganishwa na watoto wawili waliokufa.

Kila Siku ya Watakatifu Wote tunakwenda makaburini na mishumaa miwili. Mmoja wa Torsten. Mmoja wa Nellan, aliyeletwa hospitali ya huku Stockholm akafia huku. Amelala kwenye safu za zamani, chini ya msalaba mdogo wa chuma usio na jina, una kibati cha namba tu, kwa sababu baba yake hakuweza kuvumilia kuliona jina lile limechongwa. Ile theluji naiondoa kwa mkono wangu. Miaka kumi na tisa sasa.

Kama kweli una watoto, kawaangalie. Na umwone daktari. Anwani yako ninayo. Ukiandika tena nitaipeleka polisi.

Ingalill Rådlund

Stockholm, 23 Oktoba 1978

Mpendwa Gunnel,

Tafadhali usiandike tena nyumbani. Andika hapa gazetini, na juu ya bahasha uweke neno "Binafsi".

Ingalill alinionyesha barua yako niliporudi. Alinionyesha kwa upole, kama mtu anayemfunika mwenzake blanketi. Nikasoma hadi mwisho nimesimama na koti mwilini. Kisha nikamwambia amefanya vizuri kukujibu. Najua nilichosema. Nakuandikia ili ujue kwamba najua.

Huwezi kuukumbuka mwaka ule, 1953. Wazazi hatukuruhusiwa kuingia wodini kwa hofu ya maambukizi. Tulisimama nje, tukitazama kwa kioo. Siku kumi na moja nilisimama kwenye kioo kile. Mama yako alikuwa akija akitoka kazini, anakupungia mkono, anarudi kazini. Mimi sikuweza hata kupunga. Daktari alisema tusitegemee mengi. Siku ya kumi na mbili nilipanda treni ya Stockholm, nikasema nakwenda kutafuta kazi. Ndani ya treni nikaanza kuandika, na katika kuandika, wewe ulikufa. Nilikulilia kutoka Ånge hadi Uppsala. Barua ya mama yako iliponifikia, kwamba umepona na utavaa chuma mguuni, nilikuwa nimeshakuzika. Machozi yale yalikuwa ya kweli, Gunnel. Sijawahi kuwa na kitu cha kweli kuliko yale.

Kitabu kilipotoka niliandika chini ya jina: riwaya. Wasomaji hawakulitaka neno hilo. Wazazi waliofiwa waliniandikia, zaidi ya mia tatu, na barua zao ninazo kwenye makasha mawili. Mkulima wa Skara alinitumia kiatu cha mwanawe. Niliwajibu wote. Unaniomba niwaambie sasa kwamba Nellan anatembea? Nitakuwa nimewaua watoto wa watu mara ya pili. Na Ingalill? Nyumba yetu yote imesimama juu ya jiwe hilo moja.

Ile fomu, kalamu ilikwenda yenyewe. Nimeshajaza fomu za namna ile mara nyingi.

Tarehe mosi Desemba natunukiwa tuzo, kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Tuache ipite. Majira ya kuchipua nitakuja Ånge mwenyewe, tutazungumza kama watu wazima. Mpe Pernilla kitabu ninachokiambatanisha, ni cha watoto, kina picha nzuri.

Wako,
Sixten

Ånge, 30 Oktoba 1978

Baba,

"Nellan anatembea," umeandika. Anachechemea, Baba. Mguu wa kushoto. Usinipandishe cheo.

Kitabu kimefika. Ndani kina kile kikaratasi cha wachapishaji, kwamba ni nakala ya mhakiki na kisiandikwe habari zake kabla ya tarehe fulani. Vitabu vyangu vyote vya Krismasi, tangu nina miaka saba, vilikuja na kikaratasi hicho. Nilikuwa nikivikusanya. Nilidhani ni salamu zako.

Umesema siukumbuki mwaka ule. Kioo nakikumbuka. Nakumbuka kulikuwa na watu wawili, halafu akawa mmoja, na yule mmoja alikuwa anapunga mkono. Wahenga wanasema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Basi kabla hujawauliza wazazi mia tatu, niulize mimi.

Na nakumbuka nilipokuja Stockholm nina miaka kumi na sita. Tulikuwa mgahawani pale stesheni kuu, keki umeninunulia, akapita bwana mmoja mwenye kofia, mwenzako wa gazetini. Ukamwambia, "Huyu ni mtoto wa rafiki yangu wa kaskazini." Nikampa mkono yule bwana. Nikamaliza keki yangu pia, maana ilikuwa tamu na nilikuwa na njaa. Safari nzima ya kurudi nilikuwa najiuliza kwa nini niliimaliza.

Juma lililopita nilipiga simu gazetini kwenu, kwenye ukurasa wa sikukuu. Mama mmoja mwenye sauti nzuri akasema sahihisho linawezekana, ila alete saini aliyejaza fomu. Nikasema je, asipotaka? Akasema basi niwatumie uthibitisho, wao watamuuliza.

"Uthibitisho wa nini?"

Akakohoa. "Kwamba ... uko hai, Bibi."

Nikaenda ofisi ya parokia kwa karani wetu, Bwana Wiklander. Akavua miwani. "Cheti cha kuwa hai? Hiki huombwa na wazee wa pensheni waliohamia ughaibuni. Gunnel, mimi nilikuona dukani juzi unanunua siagi."

"Gazeti halikubali siagi, Bwana Wiklander."

Akacheka, nami nikacheka, kisha nikaanza kulia pale pale mbele ya lile daftari lake kubwa, na Tove naye akaanza kulia kwa sababu mimi nalia. Akatupikia kahawa. Cheti akakiandika polepole, kwa mwandiko wake wa kanisani, akakipiga mihuri miwili ingawa mmoja ulitosha.

Sasa nisikilize. Mkeo ameniita mgonjwa na ametaja polisi, na sina kinyongo naye. Nimesoma ile barua mara nyingi. Ni barua ya mama. Angeandikiwa ukweli tangu mwanzo tungekuwa tunapelekeana nguo za watoto. Nikifikiria anavyoinama kupangusa theluji kwenye msalaba wa mtu asiyemjua, akidhani ni wangu, naiweka kalamu chini.

Jumamosi hii ni Watakatifu Wote. Mwambie kabla hamjatoka nyumbani. Usimwache awashe mshumaa wa pili. Ukilifanya hilo moja, ule mstari wa gazeti nitausubiri mpaka tuzo yako ipite, na Pernilla nitajua cha kumwambia. Usipolifanya, sitakuomba tena, nitafanya mwenyewe.

Gunnel

Stockholm, 6 Novemba 1978

Gunnel,

Sikumwambia.

Tulikwenda saa tisa, mwanga ukiwa unaisha. Alikuwa amechagua mishumaa mirefu, kwa sababu ya upepo. Aliinama kwa Torsten kwanza. Kisha tukatembea hadi zile safu za zamani, akapangusa msalaba kwa glovu yake, akasema kama anavyosema kila mwaka, "Mwangalie mdogo wako huko, Nellan, wewe ndiye mkubwa." Nikasimama na kiberiti. Niambie ungenitaka niseme nini wakati ule, kwa maneno gani. Mimi kazi yangu ni maneno na sikuyapata.

Nakusihi usifanye jambo. Zimebaki siku ishirini na tano.

S.R.

Västerås, 20 Novemba 1978

Gunnel,

Bahasha yako haikuwa na barua ndani, ila cheti cha parokia na picha ya wasichana wawili kwenye ngazi, na nyuma yake umeandika majina na miaka yao tu. Nashukuru hukuandika zaidi.

Nilipiga simu Ånge. Nilitaka karani aniambie kwamba cheti ni cha kughushi. Nikamuuliza, mtu huyu yupo? Akasema, "Yupo sana. Jana kanifokea kwa sababu ngazi za ofisi hazijamwagiwa mchanga, na mguu wake ule." Nikamshukuru, nikakata.

Asubuhi iliyofuata nilimmiminia Sixten kahawa, nikamuuliza, "Mguu gani?" Hakuuliza ni wa nani. Akasema, "Wa kushoto." Kisha akaweka kikombe chini, tukatazamana.

Nimekuja kwa dada yangu. Sijui nitakaa siku ngapi.

Siwezi kukuomba msamaha bado, Gunnel, kwa kuwa sijapanga nianze na lipi. Nilikwambia ukamwone daktari. Nilikutishia polisi. Na mbele ya hayo kuna kitu kibaya zaidi nitakachokwambia kwa sababu naona huogopi maneno: niliposikia kwamba u hai, sikufurahi. Kitu cha kwanza nilichohisi ni kwamba Torsten amebaki peke yake.

Torsten wangu alikufa kweli. Tarehe nne Februari 1955, uvimbe wa ubongo. Nataka mtu mmoja aniambie anaamini, maana tangu juzi naona kama na yeye ameandikwa tu.

Na ule msalaba. Nimemuuliza mara mbili ni wa nani. Anatazama dirishani.

Ingalill

Ånge, 10 Desemba 1978

Baba,

Nimekusikia redioni. Nilikuwa hapa jikoni namenya viazi vya wazee arobaini, na Svea aliongeza sauti kabla sijamzuia. Ukasema tuzo hii unaipokea kwa niaba ya wale ambao sauti zao hatuzisikii tena. Watu wakapiga makofi muda mrefu. Svea akasema, "Mzime huyo, maziwa yatachacha," akamzima mwenyewe.

Nilikuwa nimeahidi moyoni kutokuandika tena. Lakini nikaona nikinyamaza utadhani nimeridhika, ndivyo ulivyodhani kwa Mama.

Ingalill ameniandikia mara nne sasa. Nilimjibu siku ile ile nilipoipata ya kwanza, nikamwambia naamini. Nikamwambia Torsten angekuwa na miaka ishirini na sita, angekuwa ananizidi urefu na kunitania kwa kuchechemea kwangu. Sijui kama nilifanya vyema kusema hivyo. Alisema aliisoma kwa sauti kwa dada yake. Atakuja kwetu Krismasi, na atakula anachokula kila mtu hapa, na Kjell-Åke ameshaanza kulalamika kwamba itabidi afagie chumba cha zana. Hajasema atarudi kwako wala hatarudi, na mimi simuulizi. Siyo kazi yangu kukuvunjia nyumba, Baba. Mimi nilitaka tu nisiwe msingi wake.

Pernilla hakuusubiri mstari wako. Cheti cha Bwana Wiklander niliomba cha pili, nikampa. Amekibandika ukutani kwa gundi ya shule, sasa hakibanduki. Mgeni akija anavutwa mpaka pale, anasomewa: "Ina-thi-bi-ti-shwa kwamba ... yu hai." Jirani yetu aliletwa kusikiliza mara mbili. Siku ya Jumanne nilitoka kazini, theluji inaanguka, ngazini hapana mtu. Nilisimama pale nikatafuta koti lake kwa macho. Alikuwa ndani, anagombana na mdogo wake kuhusu kijiko, hata hakugeuka. Nikakaa ngazini mimi, kidogo tu, mpaka nikaweza kuingia.

Kwa hiyo usije majira ya kuchipua. Huenda siku moja wajukuu watakutafuta wenyewe, na wakikutafuta sitawazuia, nitawaonyesha treni. Mimi sitapanda.

Uliniuliza ningesema nini pale makaburini. Ningesema, "Ingalill, simama, twende nyumbani." Hayo tu. Hayahitaji mwandishi.

Barua za wale wazazi kaa nazo. Nilifikiri nikuombe, niwajibu mimi, halafu nikaona hapana: walikuandikia wewe, na kama kuna jibu jingine wanalostahili, linatoka kwako, moja moja, kwa mkono, kama ulivyowajibu mwanzo. Sitawasumbua watu kwenye misiba yao ili nipate haki yangu.

Ila kuna vitu bado navihitaji, nami navitaja ili visichanganywe na mengine:

Fomu ya masahihisho ya gazeti, nimeiweka ndani ya bahasha hii. Itie saini ya jina lako zima. Usiweke herufi mbili.

Picha yangu uliyoiweka kwenye jalada la Kitanda cha Dirishani, ile yenyewe iliyosafishwa dukani, siyo ya kukata kwenye kitabu. Aliipiga Mama kiangazi kabla ya ugonjwa. Nimesimama dirishani kwa miguu yote miwili, na picha nyingine yangu ya namna hiyo haipo duniani.

Barua ya Mama aliyokuandikia kwamba nimepona, kama uliitunza. Kama uliichoma, niandikie kwamba uliichoma.

Na jina la makaburi yale, nambari ya safu, na namba iliyo kwenye kibati cha msalaba wa chuma. Bwana Wiklander anasema akiipata hiyo atawapigia wenzake wa Stockholm, nao watafungua daftari lao. Kuna mtu amelala pale, amewashiwa mishumaa miaka kumi na tisa kwa jina langu, na Ingalill na mimi tunataka kumwita kwa lake.

Gunnel